Gari la Dakika Nne

Kwa jina la Mola, mwenye kupanga safari na ukomo wake.

Shekuwe alishuka stesheni asubuhi, mamake huko nyumbani akiwa ameshavishwa sanda. Yeye ndiye mwana mkubwa, na kwao mwana mkubwa ndiye humpokea mama ndani ya kaburi. Mdogo wake, Aboud, aliahidi kumngoja mpaka adhuhuri.

"Ami, panda, twaondoka!" kondakta wa basi alimwita.

"Nimeshaita gari kwa simu. Dakika nne tu. Basi lenu lasimama kila kichochoro."

"Haya, simu na ikubebe!"

Gari likasogea kwenye kioo cha simu, likageuka, kisha dereva akaifuta safari. Shekuwe akaita jingine, na jingine tena. Kila mara simu ilimwahidi dakika nne, naye akaona haya kuyakimbilia mabasi yaliyompita.

Alipofika makaburini, watu walikuwa wamekwisha kufukia. Aboud akampa mkono wenye udongo mbichi.

"Tulikungoja, kaka, hata jua likapinduka. Nimeshuka mimi."

Watu wakafungua viganja kuomba dua. Shekuwe chake akakifumba, udongo ule usimwagike.

Mola awape subira waliobaki.