Swali la Saba

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Dada alikuwa amejifungia chooni, katika kliniki ya magonjwa ya akili, akifuta alama moja ya penseli.

Alifuta kwa ustadi. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba, na mtu wa kazi hiyo anajua kuondoa ukuta mzima kwenye karatasi bila kuacha kovu. Alipuliza vumbi la kifutio, akatia alama mpya kwenye kisanduku cha pembeni, kisha akairudisha fomu ndani ya jalada. Hakujitazama kwenye kioo.

Fomu ilikuwa na maswali ishirini. Mgonjwa alitakiwa kuijaza mwenyewe nyumbani, jioni ya kuamkia kliniki, na kila swali lilikuwa na majibu manne: hapana, mara moja, mara kwa mara, kila siku. Mdogo wake, fundi cherehani, aliijaza taratibu kama mtu anayepima kitambaa cha mteja mkorofi.

Mwezi wa kwanza alikiri kwamba alisikia sauti. Mara moja. Dada alilifuta jibu hilo, kwa sababu fomu ilipita mapokezi, na mhudumu wa mapokezi alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye mdomo wake haukujua kufuli. Tangu hapo sauti hazikurudi. Badala yake likazuka swali la saba: "Je, umehisi kwamba kuna mtu anakufanyia njama?" Kila mwezi mdogo wake alijibu: mara moja. Kila mwezi dada alimrekebishia: hapana.

Jambo moja tu lilimtatiza. Fomu zilikuwa safi, lakini dozi ya dawa ilizidi kupanda. Dozi ilipopanda, mikono ya mdogo wake ilitetemeka. Juma lililopita alikuwa ameshindwa kutunga uzi kwenye sindano, na mwenye karakana alikuwa amemwambia waziwazi: "Fundi, cherehani chako nakushikia mpaka mwisho wa mwezi. Mikono ikitulia, njoo. Isipotulia nampa mwingine, na usinilaumu."

Dada alitoka chooni, akaikabidhi fomu mapokezi.

"Enhe, jirani!" mhudumu alisema kwa sauti ya kutosha benchi zima. "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Tayari macho yake yalikuwa yakishuka swali kwa swali.

"Salama," dada alijibu, akaenda kuketi.

Mdogo wake alimpisha kwenye benchi. Mabega yake yalikuwa yamelowa, na kwenye ukosi wa shati alikuwa amechomeka sindano, kama alivyofanya siku zote za kazi.

"Umekawia, dada. Chooni kuna foleni?"

"Sema polepole. Watu wanasikia."

"Hapa anayesikia vitu si ni mimi?" Akacheka. Mzee aliyeketi kando yao akacheka pia. Dada aliinamia viatu vyake, uso ukimwaka.

"Unanionea haya," mdogo wake alisema, safari hii polepole.

"Nani kasema?"

"Basi yaishe. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Muuguzi alimwita mdogo mtu ndani. Baada ya robo saa alirudi mlangoni, akamwita na dada.

Daktari alikuwa amezipanga fomu nne mezani. Mdogo mtu aliketi akiwa ameibana mikono katikati ya magoti ili isionekane. Mlango ulikuwa haukufungwa vizuri, na nje yake jirani alikuwa akigonga mihuri.

"Fomu hizi hazina doa," daktari alisema. "Ningezifuata hizi tu, ningekuwa nimempunguzia dawa zamani. Tatizo ni anayoyasema akiwa mbele yangu. Huu ni mwezi wa tatu, jambo ni lile lile, na hatikisiki. Ndiyo maana nimekuwa nikimwongezea."

"Anasema nini?"

"Kwamba hakuzijaza hivi. Anasema wewe huzifuta njiani, siku ya kliniki, mara moja kila mwezi."

Nje, muhuri ulinyamaza.

"Nimezitazama hata kwenye mwanga," daktari aliendelea. "Sioni alama yoyote. Lakini ameniomba nikuulize mbele yake. Anasema hujawahi kumdanganya tangu utoto wenu. Ukikana, atakubali kwamba bado anaumwa."

Mdogo mtu aliinua uso. "Mwambie, dada. Sitakasirika."

Dada aliutazama ule ufa wa mlango. Vumbi la kifutio lilikuwa bado kwenye sketi yake. Alilipangusa.

Dada alisema ndugu yake anadhania tu. Daktari aliandika dozi mpya. Jirani aligonga muhuri uliofuata. Mdogo mtu alichomoa sindano kwenye ukosi kwa mkono uliotetemeka, akaiweka mezani, kisha akamwomba dada yake radhi.