Sababu ya Ziara

Fomu ya kuvuka mtaa ilimkatalia Mwanaidi tena. Alikuwa ameandika "kumsalimia mama", na salamu haimo katika orodha ya sababu zinazokubalika. Akafuta, akachagua "ugonjwa" kama kila Ijumaa, na geti likafunguka.

Bi Rukia, mama yake, alikuwa keshajifunga kitambaa kichwani, amelala akiikoholea kamera ya ukaguzi. Taa ikageuka kijani. Kwa kawaida hapo ndipo Bi Rukia hukirusha kitambaa, nao hucheka mpaka machozi, kisha hula vitumbua anavyoleta Mwanaidi.

"Imekubali, mama. Amka tule, bado vya moto."

"Kula wewe, mwanangu," Bi Rukia alisema, akimpapasa mkono.

Mwanaidi alisubiri. Kamera ilikuwa imezimika zamani, na kitambaa kilikuwa bado kichwani.