Mfupa wa Mwalimu Kasuku

Mto ulikuwa mmoja, na mwenye mto alikuwa Simba. Asiyejua kuomba maji kwa Kisimba alirudi na koo kavu. Ndipo wanyama wakapeleka watoto kwa Mwalimu Kasuku, aliyekisema Kisimba utadhani kazaliwa nacho.

Kasuku alikuwa na sheria moja. Ulimi ukikuteleza ukasema lugha ya kwenu, unavishwa mfupa shingoni na wenzako wanakuzomea. Basi darasa zima likawa kimya. Digidigi hakujua kiu huitwaje kwa Kisimba, na kuuliza kwa lugha ya mama yake hakuthubutu. Kasuku akatunisha kifua: "Hiyo ndiyo adabu!"

Siku moja akaja mwanafunzi mpya, Fisi. Alipouona mfupa, mate yakamdondoka.

"Mwalimu, huo hupewa nani?"

"Mkaidi asemaye lugha ya nyumbani."

Fisi hakungoja. Alimwaga Kifisi mpaka kuta zikatetemeka. Akavishwa mfupa, na kabla wenzake hawajaanza kuzomea, kru! kru! Hata kamba hakuisaza.

Mfupa kwisha, aibu kwisha. Digidigi akainua kichwa: "Jamani, kiu kwa Kisimba ndiyo nini?" Kanga akamjibu, Nguchiro akamsahihisha Kanga, darasa likageuka soko. Kiangazi kilipofika, wote waliomba maji wakanywa.

Simba akastaajabu. "Mwalimu, umetumia mbinu gani?"

Kasuku akakohoa.

"Mbinu tamu, bwana mkubwa," Fisi akadakia, akijilamba. "Ila mara nyingine atafute yenye uboho."