Kakakuona Alipokusanya Maoni

Hivi wewe, ungemwajiri mgeni aje kupima nyumba yako kwa ulimi?

Baraza la mchwa lilifanya hivyo. Lilitaka katikati ya kichuguu pajengwe upya, likamwita Kakakuona, mwenye ulimi mrefu kama kamba, awe konsaltanti.

"Waheshimiwa, mimi nimesomea mipango miji," akasema mchwa mmoja mwenye digrii na asiye na kazi.

"Una experience?" akauliza Mwenyekiti.

"Nimezaliwa humo humo."

"Hiyo siyo experience, kijana. Kakakuona hutabiri mpaka mvua."

Kakakuona akajikunja ukumbini gizani, akaagiza wakazi waingie mmoja mmoja kutoa maoni. Kila aliyeingia alisaini mlangoni. Bi Chembe, muuza uyoga, mama yake yule mwenye digrii, alikwenda kuomba genge lake lisibomolewe.

"Mama, usiingie. Mbona hakuna anayetoka?"

"Wanakunywa soda, mwanangu," akasema, akasaini.

Sauti yake ikasikika ndani: "Shikamoo, mtaalamu." Hakuna aliyeitikia marahaba.

Jioni Kakakuona alitoka amenenepa. Akakabidhi ramani yenye njia pana, safi, zisizo na mchwa hata mmoja.

"Stakeholders wote wameshirikishwa," akasema. "Hakuna aliyepinga."

Baraza likapiga makofi.

Mwenye digrii bado amesimama mlangoni na karatasi ya mahudhurio. Waheshimiwa, majina yapo, la mwisho ni Bi Chembe. Acheni makofi. Fungueni ukumbi, mtuonyeshe hata mmoja aliyetoka.