Kelele za Siwema Msusi

Baraza la mji lilitoa muda hadi adhuhuri: asiyeleta pingamizi la maandishi, kibanda chake kitavunjwa. Siwema msusi alilijua neno hilo, maandishi. Walipovunjiwa soko la zamani alisema mbele ya mabwana wa baraza mpaka sauti ikamkauka, nao wakamjibu, "Mama, hizo ni kelele. Lete maandishi." Hakusahau.

Leo vidole vyake vilikuwa kichwani mwa mteja wake Tausi, na msusi haachi mstari njiani. Akaegemeza simu yake kwenye kopo la mafuta ya nywele, akamwambia Tausi abonyeze alama ya kipaza sauti.

"Haya sema, dada. Inaandika yenyewe."

Siwema akasema kama anavyosuka, akivuta na kukaza, na kila neno likatua kwenye kioo cha simu.

"Hee! Umewaita wezi, nayo imeandika!" Tausi akacheka. "Hata 'washenzi' imo!"

"Washenzi ifute, wasipate pa kunishikia. Wezi ibaki."

Wauza nyanya wakasogea. Tausi akaiamuru simu isome, nayo ikasoma taratibu, kwa sauti ya mtu wa ofisini, maneno yote ya Siwema. Hakuna aliyecheka.

"Ni wewe huyo?" mmoja akanong'ona.

"Ndimi," Siwema akasema, shingo juu. "Tuma."

Tausi akatuma barazani. Siwema akashika mstari uliofuata, na nyuma yake wanawake walikuwa wameshapanga foleni kuelekea simu, kila mmoja akisafisha koo.