Jemadari Nyati na Amri za Kiboko

Zamani zile vita vilipopendwa na wasiokwenda vitani, Mfalme Kiboko alimtuma Jemadari Nyati avuke milima akapigane na simba. Aliahidi kuwapelekea askari majani, lakini alipeleka amri tu: "Songeni mbele!" Askari walipoanza kufa kwa njaa, Nyati aliwarudisha nyumbani.

Kiboko, tumbo likielea majini, akafoka, "Jemadari arudiye bila ushindi ana wazimu! Mvueni cheo, mfungeni!"

Nyati akajibu, "Mfalme, wazimu wangu umewarudisha hawa wakiwa hai. Wenzao wameuawa na akili yako, nawe hukukosa hata mlo mmoja!"

Hakuna askari aliyemgusa. Waligeuka, mbavu zikihesabika, wakamfuata Nyati malishoni. Kiboko akabaki kidimbwini, akiwaamuru vyura.