Jina Lililoharibu Jalada

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake wa jalada, na mlango ulimfungulia yule tu ambaye jina lake lilikuwemo. Tunu alikuwa kwenye kompyuta akipanga jalada la mwaka mpya. Kila alipobadilisha fonti, jina la mama mkwe lilidondokea mstari wa pili na kuharibu mpangilio.

"Lifute kwanza," alisema Hemedi, mumewe. "Tutalirudisha."

Akalifuta. Jalada likapendeza. Hemedi akabonyeza kitufe cha kutuma kabla Tunu hajasema kitu.

Jioni mama mkwe alirudi kutoka msibani. "Tunu, mwanangu, mlango umegoma."

Tunu akajaribu kurekebisha. Kompyuta ikamjibu kwa adabu: jalada likishatumwa halibadilishwi hadi mwakani.

Akasogeza kiti mlangoni, akaketi upande wa ndani. "Nipo, Mama," akasema.